Peugeot 504 ya mzee au Noah?

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko Uyole Mbeya, marehemu baba katuachia Peugeot 504 stesheni wagoni, ile ndefu ya siti safu tatu, bado inatembea. Mama watoto anataka tuchukue Noah, jirani yangu mzee anasema gari za siku hizi makopo matupu. Tukuyu tunaenda sana, mwisho wa mwaka tunashuka Morogoro na watoto wanne. Nishauri.
Msomaji, Uyole

JIBU: Salama ndugu yangu, pole na msiba. 504 ni chuma kweli, ilitoka 1968 na ikabeba Safari Rally 1975 na tena 1978, kwahiyo mzee wako alijua anachonunua. Ila hiyo ya makopo hapana. Bati la gari la kisasa linajikunja mbele makusudi ili kishindo kiishie kwenye bati kisifike kifuani kwa mtoto, na 504 haina eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka ajalini) wala ABS (mfumo unaozuia tairi zisigande ukikanyaga breki ghafla), halafu hebu angalia siti za nyuma kama zina mikanda, nyingi hazina. Kwa watoto wanne mimi niko upande wa shemeji.

Kingine kabureta, kile kifaa cha 504 kinachochanganya petroli na hewa. Huku kwetu juu hewa nyepesi, kabureta iliyosetiwa Dar ikifika Uyole inakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopata, unaona moshi mweusi, plagi masizi tupu, mlimani gari linakohoa. Fundi wa hapohapo Mbeya aisete upya. Noah ya injekta, petroli inapimwa na kompyuta, inajirekebisha yenyewe.

Sasa Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa mkishuka Morogoro, hapa ndo wenye otomatiki wengi wanaharibu, anaacha gia kwenye D toka juu mpaka chini mguu uko kwenye breki tu, breki zinapata moto zinaacha kushika, ABS haikusaidii hapo. Weka 2 au L, zile gia nzito, kabla mteremko haujaanza, injini ikushikilie, kama ambavyo mzee alikuwa anashuka na gia nzito kwenye manyo yake.

Noah yenyewe chagua vizuri: SR40, toleo la zamani, injini yake 3S haina makuu, mafundi wanaijua. Zile za D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mimi naziogopa, hazipendi petroli chafu na pampu yake ni hela.

504 usiwape watu wa vyuma chakavu jamani, iwe ya Jumapili. Na ukienda kuangalia Noah nenda na fundi wako asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hamjafika, muisikie ikiwa ya baridi.