Acheni Kujaza Mawe: Tangi la Matumbawe Linapambwa na Nafasi

Juzi natoka kazini nimechoka, nafungua simu nakuta kijana mmoja wa Dar kanitumia picha ya tangi lake la maji ya bahari, chini kaandika "Kaka shikamoo, nimefanya kila kitu lakini tangi langu halina mvuto, hilo lako lina nini?" Nikaikuza picha nikaangalia vizuri. Mawe yamepangwa toka kioo cha huku mpaka cha kule, yamepanda karibu yaguse juu ya maji, na kila penye tundu pamebandikwa tumbawe. Matumbawe yenyewe mazima, yamefunguka, rangi safi kabisa. Lakini jicho halina pa kukaa. Nikamjibu kwa voisi noti ndefu mpaka mwenyewe akasema kaka si uandike tu makala, basi ndio hii, na najua nyie wengine mnaosoma hapa aidha mnalo tangi au mnaliota kila siku, kwa hiyo tuko pamoja.

Mimi mtoto wa Mombasa, kazi yangu fundi wa AC, naishi Sharjah. Utotoni siku za bamvua, maji yakikupwa sana, tulikuwa tunafuata wakubwa mwambani, na kitu kilichonikaa kichwani toka siku zile ni kwamba mwamba sio ukuta. Matumbawe yamekaa kichaka hapa, kichaka pale, katikati mchanga mweupe, halafu kuna mahali mwamba umekatika kabisa, pale ndio mlango, maji yanaingia na kutoka na samaki wote wamejaa hapo. Yaani uzuri wote uko pale ulipokatika. Sasa mtu anakuja na tangi la mita moja anaziba kila kitu halafu anashangaa mbona halifanani na bahari.

Langu ni la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, lita 180 na kidogo kabla hujaweka mawe. Sio tangi kubwa. Na nilipoanza niliamua wazi kwamba nitatumia matumbawe yanayokua haraka, zenia, nyota za kijani, montipora, kiota cha ndege, yote haya majina ya matumbawe, kwa sababu mbili: hela yenyewe ni ya fundi, na mimi nilitaka kuona mandhari ikijijenga mbele ya macho yangu, sio kununua mandhari iliyokwisha kutengenezwa. Kuna matumbawe ya porite ya mviringo kule baharini yanakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, akropora, matumbawe ya matawi, zinaweza kupita sentimita kumi. Mwenye haraka ya kuona kazi ya mikono yake anajua aende upande gani.

Hapo ndipo nilipochekwa. Kuna kikundi cha wapenzi wa matangi huku, sikitaji jina, nilitia picha ya tangi langu likiwa bado changa, mawe mengi yako wazi, vipande vidogo vidogo vya matumbawe, na mchanga mtupu katikati. Mmoja akaandika "hii bustani ya magugu". Mwingine akasema zenia ni za watoto wanaojifunza, msanii wa kweli anaweka akropora. Watu wakagonga alama za kucheka. Wallahi iliniuma. Hawa ni watu ambao tumbawe moja la ukubwa wa kidole wananunua kwa hela ambayo mimi nalipia chakula cha wiki, na sikuwaombea mabaya, lakini kudharauliwa kwa sababu ya bei ya kitu ulichokipenda kunaingia ndani sana. Nikatoka kimya kwenye kile kikundi, na mpaka leo nikikumbuka moyo unapata moto kidogo.

Kilichonipa nguvu ni kusoma historia. Mwaka 1961 kuna bwana wa Jakarta anaitwa Lee Chin Eng aliandika kwenye jarida la samaki la Marekani namna anavyofuga samaki wa bahari na matumbawe kwa kutumia mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye vijidudu vinavyosafisha maji, pamoja na maji ya bahari, jua na viputo vya hewa tu. Hana mitambo ya maelfu. Mtu wa pwani ya joto kama sisi, na leo kila anayeweka jiwe hai kwenye tangi anafuata njia ile. Halafu nikasoma habari za Takashi Amano, Mjapani, huyu alikuwa wa maji baridi, majani na mawe, amefariki 2015, mwaka huohuo tangi lake la urefu wa mita 40 lilifunguliwa Lisbon. Amano alikuwa anapanga mawe kwa hesabu ya witiri, matatu, matano, moja likiwa kubwa ndio mfalme na mengine yanalitumikia, na halikai katikati ya tangi hata siku moja. Nikajiuliza, majani yanakua na yanapunguzwa kwa mkasi, zenia nayo inakua na inapunguzwa kwa mkasi, mbona sisi wa bahari hatujifunzi kwa watu wa majani?

Basi nilifanya hivi. Nilibandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye sakafu ya sebuleni, mstatili wa kipimo kilekile cha tangi, nikaanza kujenga mawe makavu humo ndani. Nakaa kwenye kochi naangalia, nainuka natoa jiwe, narudi nakaa. Mke wangu akawa anaruka mawe kwenda jikoni. Mwisho nikapata visiwa viwili, kikubwa kimechukua kama theluthi mbili upande wa kushoto, kidogo kulia, katikati mlango wa mchanga unaoanza mpana mbele na kuwa mwembamba kule nyuma, na huo wembamba ndio unaolifanya tangi la sentimita 45 kwenda ndani lionekane refu. Hakuna jiwe linalogusa kioo cha nyuma. Acha upana wa kiganja huko nyuma na pembeni, mkondo upite, na sumaku ya kusugulia kioo ipite. Mawe nimeyashika kwa supaglu ya jeli na simenti ya akwariamu ili nikiyagusa yasiporomoke.

Na urefu, hapa ndio wengi wanapokosea, ukiwemo wewe mdogo wangu wa Dar: jiwe lisipite nusu ya kina cha maji. Utaona kama tangi limepwaya. Liache lipwaye! Ile nusu ya juu sio tupu, ni ya matumbawe ambayo hayajazaliwa bado. Ukijaza mawe mpaka juu kiota cha ndege kitaenda wapi? Kitatoka nje ya maji.

Habari za wiki za mwanzo, kusubiri amonia ishuke, kupima, mwani wa kahawia, sitazieleza, mnazijua na hazina utamu.

Tuje kwenye kupanda sasa. Kila tumbawe linalokua haraka lina tabia yake na lazima umjue kabla hujambandika. Nyota za kijani zinatambaa, zinafunika kila jiwe linaloguswa na jiwe lao, hazina simile. Mimi nimezipa jiwe lao peke yao limekaa juu ya mchanga, halijagusana na kisiwa, na sasa ni kilima cha kijani kinachochezacheza kama majani ya mpunga kwenye upepo. Zenia iko kisiwa kidogo, juu, peke yake, kwa sababu nayo inahama inatembea. Kuna lile wanaloliuza kwa jina la mti wa Kenya, linadondosha vitawi lenyewe, mkondo unavibeba vinaota popote, sikuliweka. Tumbawe linaloitwa nyundo lina mikono ya kuumiza inayorefuka, liachie sentimita 15 kila upande na usibishane na mimi. Montipora ya sahani niliibandika chini kwenye kisiwa kikubwa, sio juu, maana inatanuka kama paa na kila kilicho chini yake kinakosa mwanga. Ikiwa chini unaiona kutoka juu, duara juu ya duara, na ukisogeza uso karibu na kioo unaona ukingo wake umepauka, utepe mweupe mwembamba, huo utepe ndio sehemu inayokua. Mimi kila asubuhi kabla sijavaa viatu vya kazi naangalia ule utepe. Ukiwa mpana moyo wangu umetulia.

Kiota cha ndege cha waridi kiko kilele cha kisiwa kikubwa penye mkondo mkali. Angalia, hiki kikishiba matawi yanabanana maji hayapiti katikati, na ndani kinaanza kufa polepole huku nje kinapendeza. Usisubiri. Vunja matawi ya ndani mapema, yabandike pengine au mpe mtu.

Rangi pia. Usiweke kijani karibu na kijani. Mimi montipora yangu ni ya zambarau, nyuma yake kilima cha kijani, juu waridi, na zenia ile ya rangi ya krimu imekaa upande wa pili inafumba na kufumbua viganja vyake masaa yote. Basi. Rangi nne. Watu wanaingia nyumbani wanasema mashallah ni rangi ngapi hizi, kumbe ni nne zilizopewa nafasi.

Mkasi sasa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mandhari ya matumbawe yanayokua haraka haiishi kutengenezwa, ukiweka mkasi chini miezi mitatu umeshapoteza mchoro. Zenia naikata shinani kwa mkasi mkali, inateleza kama kamasi na ina harufu yake mbaya mikononi, kipande kinanywea hapohapo kinaacha kupumua, usiogope. Nakiweka kwenye kikombe cha plastiki chenye vijiwe, nafunika na chandarua, nakiacha humo tangini penye mkondo mdogo. Baada ya siku chache kimeshika kijiwe na viganja vimeanza tena kufumba na kufumbua. Zoa, viumbe wadogo kama maua wanaoota juu ya mawe, ni habari nyingine, hao wana sumu kali inaitwa palitoksini, vaa glavu na miwani, usiwasugue kwa brashi, na jiwe lenye zoa usilichemshe kabisa, kuna familia zimelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake tu.

Maji yangu ni ya kawaida. Nyuzi 25 mpaka 26, chumvi 35, KH (kipimo cha kaboneti ambayo matumbawe magumu yanajengea mifupa) nane na nusu, kalsiamu 420, magnesiamu 1300 na kitu, naitreti kati ya 5 na 10. Usitafute maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu, zenia inakonda. Ila jua kwamba montipora na kiota vikishaanza kukua vinakula KH kila siku, na vikiwa vikubwa vinakula zaidi, kwa hiyo kipimo cha mwezi uliopita sio cha mwezi huu. Pima, ongeza kidogokidogo kila siku, usimwage kwa pupa. Na kwa sisi wa Ghuba, kiangazi hiki sio cha mchezo, AC ikizima mchana nyumba inakuwa tanuri na maji yanapanda haraka sana, kwa hiyo chila, mtambo wa kupoza maji, au angalau feni juu ya maji ni lazima, hili nalisema kama fundi.

Mdogo wangu wa Dar aliniuliza pia kama anaweza kwenda Mbudya au Bongoyo akang'oa vipande. Hapana. Hapana kabisa. Vile visiwa ni hifadhi, na matumbawe yote magumu yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huyavushi mpaka bila kibali. Lakini hata kusingekuwa na sheria, ndugu zangu, 1998 maji yalipopata joto matumbawe ya pwani yetu yalipauka yakafa kwa wingi, 2016 yakapauka tena, wavuvi wetu wanakula kwa sababu ya ule mwamba, halafu wewe uende na nyundo kwa ajili ya pambo la sebuleni? Kama unalipenda tumbawe, anza kwa kuliacha pale lilipo. Kipande kimoja cha zenia kutoka tangi la mwenzio kinatosha kujaza kisiwa kizima, ndio maana nawahubiria matumbawe yanayokua haraka, hayahitaji mtu airudie bahari mara ya pili.

Wale wa kikundi, wawili kati yao wamenitafuta mwaka huu wanaomba vipande vya zambarau. Niliwapa. Yule wa "bustani ya magugu" alikaa kwenye kochi langu muda mrefu akaomba kupiga picha mlango wa mchanga, nikamwambia piga.

Kijana wangu, toa theluthi ya mawe yako, uyaache kwenye ndoo yenye pampu na hita yasife, halafu sogeza kilichobaki mbali na kioo, acha mlango, nitumie picha. Na walioko Sharjah, Ajman na Dubai wanaotaka kipande waandike hapo chini, sichukui hela. Njoo na chombo chenye maji ya tangi lako. Ila nyota za kijani simpi mtu mpaka anionyeshe jiwe alilowatengea.