Waya wa Intaneti Unaogota Kwenye 100

SWALI: Kompyuta yangu imeunganishwa na ruta kwa waya wa mita 20 unaopita chini ya mlango, lakini kasi haivuki megabiti 100 kwa sekunde, ilhali simu hufika 300 kwa waifai. Je, ruta imeharibika?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, usiilaumu ruta mapema. Kasi inapogota kwenye 100, mimi huushuku waya kwanza. Ndani yake mna nyuzi 8 zilizosokotwa mbilimbili. Megabiti 100 hutumia nyuzi 4 tu, bali megabiti 1,000 huzihitaji zote, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika, vifaa huweza kushusha kasi kimyakimya na kuendelea kufanya kazi. Kagua hapo mlangoni, unapokanyagwa na kubanwa kila siku, kisha tazama vichwa vyake vya plastiki angavu, ambamo kila uzi unapaswa kufika hadi mwisho, chini ya meno ya shaba. Chomeka waya mwingine ulio mzima kwenye tundu lilelile. Kasi ikipanda, badilisha ule wa zamani. Isipopanda, soma maelezo ya ruta na ya kompyuta, maana baadhi ya vifaa vya bei nafuu vina matundu ya megabiti 100 tu, na hapo hakuna waya utakaokufaa.