Dubu juu ya kabati

*Shangazi, shikamoo. Nauza mitumba ya watoto soko la Memorial hapa Moshi. Mwezi uliopita nilifungua belo la midoli nikakuta dubu wa manyoya, ana kifungo cha rangi ya dhahabu sikioni na lebo ya njano iliyokatwa nusu. Nilimpelekea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka sita, naishi naye. Anambeba mgongoni kwa kipande cha kanga. Jumamosi alikuja naye sokoni, mtalii mmoja akamwona, akasema ni Steiff wa Ujerumani. Anapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, akishuka Ijumaa atanipa laki mbili. Nimemwambia mtoto namfua dubu, nimemficha juu ya kabati. Kila jioni ananiuliza kama ameshakauka. Hiyo ni hela ya shule yake, anaanza darasa la kwanza shule ya serikali. Shemeji anasema midoli imejaa sokoni, nimpe mwingine. Na rejesho la kikundi ni wiki ijayo. Nikiuza nitakuwa nimekosea? – Mama Mdogo, Moshi*

Marahaba mwanangu.

Kwanza niseme hivi: huyo dubu angekuwa bado juu ya meza yako, umemwandikia buku tatu, nisingekuwa na la kukushauri zaidi ya kukuambia uza, na laki mbili usiipokee haraka, vuta kidogo. Belo umelinunua kwa hela yako, ulichokuta ndani ni chako. Wenzako wanakuta koti zuri wanalipandisha bei bila kumwandikia Shangazi barua.

Lakini hayupo mezani, ulishampa. Siku mtoto alipomfunga mgongoni kwa kanga, dubu alitoka kwenye mtaji wako. Wala hukuniuliza kama umrudishe sokoni. Umeshamchukua, ukamficha, ndipo ukaniandikia.

Tuongee bei, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Kifungo sikioni ni alama ya Steiff kweli, kile kiwanda cha midoli cha Ujerumani, wanaitumia tangu 1904 ili wanaoiga wajulikane. Na wapo dubu wao wenye thamani ya kutisha: mwaka 1994 huko London, kwenye mnada wa Christie's, mmoja wa zamani sana aliuzwa pauni 110,000. Usianze kupiga hesabu ya kiwanja. Lebo ya njano ni ya matoleo ya kawaida. Nyeupe ndiyo huwekwa kwenye yale ya idadi maalumu na nakala za dubu wa kale. Yako ni ya njano, tena imekatwa, na wakusanyaji lebo ikikatwa tu wanashusha bei. Kwa hiyo mgeni wako hakukuibia. Laki mbili ni ofa ya mtu aliyependa kitu, na ukimkosa huyo, mwingine wa kuitoa pale Memorial sidhani kama utampata. Nakuambia hivyo ili usije ukasema Shangazi alikuficha.

Sasa hiyo hela ya shule. Nimesoma barua yako mara tatu. Shule ya msingi ya serikali haina ada. Zipo sare, viatu, madaftari na michango midogo midogo, najua inauma, lakini haifiki laki mbili, na wewe unauza nguo za watoto! Sketi ya shule unaikosaje? Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayechungulia mlangoni, likaja rejesho la kikundi. Hapo ndipo nilipokuelewa. Sikulaumu. Januari inatukuta wengi mifuko imetoboka, na faini ya kikundi haina huruma. Ila deni liite deni lako. Usimvishe mtoto yatima deni la mama yake mdogo kisha ukaliita elimu.

Na shemeji yako hajawahi kulea, au amesahau. "Nimpe mwingine." Mtoto hajui Steiff ni nini. Ukimpa dubu wa Kichina mwenye jicho moja leo, huenda akambeba vilevile, sikatai. Tatizo ni kwamba anakuuliza kila jioni kama ameshakauka. Tangu Jumamosi, Moshi, jua hili la Januari linalokausha blanketi kabla ya saa sita mchana! Mtoto wa miaka sita hesabu hiyo anaiweza. Ameshaambiwa mara moja kwamba mtu ameondoka na atamwona siku nyingine. Siku atakapoacha kuuliza, usifikiri amesahau.

Mshushe leo. Usimwambie amekauka. Mwambie, "Nilimchukua, nilikuwa nataka kumuuza, nimeghairi. Ni wako." Atakukasirikia mpaka chai ya jioni, basi. Na usije ukamfua kweli kwa maji ili uongo ukae sawa: hawa wa zamani ndani wamejazwa nyuzi za mbao, wakilowa wanaoza. Mfute kwa kitambaa chenye unyevu, umwanike kivulini.

Kuhusu rejesho, nenda kwa mweka hazina kabla ya siku yenyewe, ukiwa na nusu mkononi. Anayekuja mapema na nusu husikilizwa kuliko anayekuja amechelewa na maelezo. Kwenye hilo belo bado una midoli, na si yote ya buku. Ipange kwa ukubwa, ile mizuri iweke mbele wanapopita wageni, kwa kuwa sasa umeona wanatazama nini.

Nikuchekeshe kidogo kabla sijaiweka kalamu. Mama aliyeanzisha kiwanda hicho, Margarete Steiff, alikuwa mshonaji kama mafundi wetu wa barazani, miguu yake imepooza kwa polio tangu utotoni. Mwaka 1880 alianza na tembo, si dubu. Tembo mdogo wa kitambaa wa kuchomekea sindano. Wakubwa walimnunua kwa sindano zao, watoto wakamchukua wakacheza naye, na kiwanda kikafuata walichoamua watoto.

Ijumaa mgeni akija, mwambie dubu ana mwenyewe na hauzwi, kisha muoneshe mengine. Na belo lijalo, kabla hujabeba kitu kwenda nyumbani, anza kukagua masikio.

Shangazi