Kipimo cha ngozi hakikuonyesha kifua kikuu: je, nitulie?

SWALI: Daktari, figo zangu zimeshindwa kazi na ninasafishwa damu kwa maji yanayoingizwa tumboni. Nilichomwa sindano ya ngozini kupima maambukizi ya kifua kikuu, na mkono haukuvimba. Je, nimesalimika?

JIBU: Bado, ndugu msomaji. Figo zikishindwa, kinga ya mwili hudhoofika, na ngozi huweza isivimbe hata kama vimelea vimo mwilini. Mwombe daktari wako kipimo cha damu cha IGRA, ambacho hupima interferoni gama, yaani kemikali ya kinga inayotolewa na chembe nyeupe za damu zinapokutanishwa na protini za vimelea hivyo, ingawa nacho wakati mwingine hutoa jibu lisilo wazi na hulazimika kurudiwa. Hakuna kati ya vipimo hivyo kinachotenganisha maambukizi yaliyolala na ugonjwa wenyewe.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni tumbo lako, kwa kuwa kifua kikuu huweza kushika hata tumbo. Maji yanayotoka yakiwa na ukungu, tumbo likauma na antibiotiki za kawaida zisisaidie, tafadhali sisitiza kwamba maabara itafute kifua kikuu katika maji hayo hayo. Hadubini peke yake mara nyingi haivioni vimelea. Ni heri maji mengi, hata mililita 50, yazungushwe kwa mashine na mashapo yake yaoteshwe maabara ili vimelea vikue vionekane, japo majibu huweza kuchukua wiki 6. GeneXpert, kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya vimelea hivyo, hujibu kwa saa chache, lakini jibu lake hasi haliuondoi ugonjwa.