Ligeuze kopo kabla ya kulipa: kusoma lebo ya kipodozi, na yale ambayo sheria inapaswa kuyabana

Kopo la krimu, hasa ya kung'arisha ngozi, likishafika mkononi, ligeuze kwanza. Nyuma au ubavuni patafute jina na anwani ya mtengenezaji, nchi lilikotoka, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, uzito au ujazo, namna ya kutumia, na orodha ya viambata. Hayo ndiyo mambo ya msingi ya lebo za vipodozi, ambazo Afrika Mashariki zina kiwango chake, EAS 346. Kopo lisilo na orodha ya viambata lirudishe kabatini, hata muuzaji akiapa kwamba mtaa mzima unaitumia.

Orodha ina utaratibu wake. Viambata vinaanza na kilicho kingi na kushuka, ndiyo maana neno la kwanza mara nyingi ni Aqua, yaani maji. Vikishafika chini ya asilimia 1, mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Hapo ndipo wengi hawatazami. Clobetasol propionate, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi) kali kuliko karibu zote za kupaka, hufanya kazi kwa asilimia 0.05 tu, sawa na nusu gramu katika kilo nzima ya krimu. Kama imeandikwa, itakuwa mkiani, katikati ya manukato na rangi. Soma kutoka mwisho ukirudi juu. Majina yanayoishia na -sone, kama Betamethasone, Dexamethasone na Mometasone, ni ya jamii hiyohiyo.

Zebaki huandikwa kwa majina mengi: Mercury, Hg, Calomel, Mercurous chloride, Mercuric iodide, Ammoniated mercury. Wakati mwingine haitajwi popote, ila onyo linaisaliti: ukiona kopo linakuambia usiiguse na pete ya dhahabu au kidani cha fedha, hiyo ni zebaki, kwa sababu hushikamana na madini hayo. Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, huandikwa Hydroquinone. Krimu yake ikikaa wazi hugeuka rangi na kuwa kahawia kwa kuwa inaungana na hewa, kwa hiyo krimu iliyokuwa nyeupe ikiwa na utando wa rangi ya chai mdomoni mwa kopo ni ya kutiliwa shaka.

Vitu hivi vyote vitatu, yaani steroidi, zebaki na haidrokwinoni, haviruhusiwi katika vipodozi kwetu Tanzania, na kila kimoja kina madhara yake. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini haiishii kwenye ngozi. Inaingia mwilini na kuumiza figo, na mvuke wake na taulo za pamoja huifikisha kwa mtoto ambaye hajawahi kupakwa. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha madoa ya weusi wa bluu mashavuni, na mtu akiyaona huongeza krimu ileile ili yatoke. Steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba, yenye michirizi na chunusi, na ikiingia kwa wingi hupandisha sukari na presha.

Lakini kwenye mkorogo, lebo nzuri itamsaidia nani? Muuzaji anachukua losheni ya nusu lita, anakamulia tyubu kadhaa za dawa ya ngozi, anaongeza mafuta ya kung'arisha, wengine hata jiki, kisha anauza kwenye kopo jeupe lisilo na neno lolote. Tyubu ya clobetasol yenyewe ina masharti: upakaji mwembamba mahali padogo, isizidi gramu 50 kwa wiki wala wiki 2 mfululizo. Kupaka mwili mzima wa mtu mzima mara moja tu hula takriban gramu 30 za krimu. Hata ikizimuliwa na losheni, mwili mzima asubuhi na jioni kwa miezi ni jambo ambalo dawa ile haikutengenezewa.

Piko, rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi na miguuni, nayo iko hivyohivyo. Hina halisi huanza na rangi ya chungwa na kuiva kuwa kahawia baada ya siku moja au mbili. Rangi inayotoka nyeusi tii ndani ya saa moja karibu daima ni ya p-Phenylenediamine, kemikali ya kupaka nywele. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Bibi harusi akitokwa na malengelenge kufuata mistari ya maua, mzio huo atabaki nao maisha yote, na rangi ya nywele itamdhuru pia. Mpambaji asiyeweza kuonyesha pakiti, mkatalie.

Hapa ndipo serikali inapotakiwa kukaza. Tangu Julai 2019 vipodozi Tanzania Bara viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa ziko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Krimu yenye steroidi ni dawa inayouzwa kama kipodozi, kwa hiyo wakaguzi wa pande zote mbili waende pamoja madukani. Sheria imfuate pia anayefungua, kuchanganya na kupima upya: akibadilisha kopo, lebo ihamie kwenye kopo jipya, na jina lake liwepo. Maonyo yawe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Orodha ya vipodozi vilivyosajiliwa iwe kwenye simu ya mnunuzi, pamoja na picha ya mbele na nyuma ya kopo.

Mipakani na bandarini viwekwe vipimo vya mkononi vya eksirei, vinavyoonyesha zebaki kwa dakika chache bila kuharibu mzigo. Havioni haidrokwinoni wala steroidi. Hizo lazima sampuli iende maabara. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulianza na kikomo cha ppm 1, yaani miligramu moja kwa kilo, na mwaka 2023 nchi wanachama ziliondoa kikomo hicho na kukubaliana kwamba zebaki isiongezwe kabisa kwenye vipodozi kuanzia 2025. Krimu iliyotiwa zebaki makusudi huwa na maelfu ya ppm. Ikifika 10,000, hiyo ni asilimia 1: kopo la gramu 50 limebeba nusu gramu nzima ya zebaki.

Unaporipoti, usipeleke maneno matupu. Mkaguzi anahitaji kopo lenyewe likiwa na krimu iliyobaki, namba ya toleo, risiti, na picha ya duka. Usihamishie krimu kwenye chombo kingine.

Kwa aliyekwisha kutumia: ya zebaki iache leo, funga kopo ndani ya mfuko, fua taulo na mashuka peke yake, na uombe hospitalini kipimo cha zebaki kwenye mkojo. Ya steroidi iliyotumika kwa miezi usiikate ghafla nyumbani, maana ngozi huweza kuwaka na mwili kuishiwa nguvu. Daktari ndiye ataipunguza hatua kwa hatua. Nenda na kopo.