Muulize Rubani: Nibaki Kufundisha au Niende Zangu?

SWALI: Shikamoo Kepteni. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nafundisha urubani hapa Florida, na grini kadi ninayo. Logibuku yangu, yaani daftari la saa za kuruka, imeshavuka saa 1,500, na shirika moja la ndege za mikoa limenipa tarehe ya kuanza darasa la marubani wapya. Sasa mwenye shule ananibembeleza nibaki mwaka mmoja zaidi. Ataniongeza malipo na kunipa cheo cha mwalimu mkuu, kwa sababu walimu waliobaki wote ni wapya. Nina wanafunzi wawili walio karibu na mtihani, na naona aibu kuwaacha njiani. Mama naye ananiuliza haraka ya nini. Naomba ushauri. – Binti wa Moshi, Florida

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nenda.

Mama mwambie hivi: kwenye mashirika ya Marekani hawakupangi kwa wingi wa saa wala kwa uhodari wa kutua. Wanakupanga kwa siku uliyoingia. Siku hiyo unapewa namba ya ukongwe, na hiyo ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, utakaa kituo gani, Krismasi utalala kwako au hotelini. Mambo yakiharibika, watu wanapunguzwa kuanzia mkiani. Hata mlioanza darasa siku moja mnapangwa. Mashirika mengi humtanguliza mwenye umri mkubwa, mengine hutumia tarakimu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Na namba hiyo haihamishiki. Ukienda shirika jingine, unaanza chini kama mgeni.

Mimi ninayekujibu bado nakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwa hiari yangu. Ukepteni ningeweza kuuomba, lakini ningekuwa wa mwisho kwenye orodha ya makepteni: zamu za kusubiri simu, kuamshwa saa tisa usiku, sikukuu zote kazini. Nikibaki rubani msaidizi nachagua safari zangu na Jumapili niko nyumbani. Mjomba wangu haelewi kabisa. Kila tukionana anauliza kwa upole kama nilifeli mtihani. (Nyie mnaoniita Kepteni kwenye barua zenu, asanteni, endeleeni.)

Sasa tupige hesabu ya huo mwaka mmoja. Sheria inatutoa kwenye ndege za mashirika tukitimiza miaka 65. Kwa hiyo mwaka unaompa mwenye shule hautoki kwenye mshahara wako mdogo wa kuanzia. Unatoka mwisho kabisa, ukiwa kepteni wa ndege kubwa kwenye daraja la juu la malipo. Mwaka 2023 marubani wa shirika la ndege la Delta walipata mkataba wa kuongezwa asilimia 34 ndani ya miaka minne. Linganisha na nyongeza ya shule yako, halafu usimwambie mwenye shule jibu ulilopata, utamvunja moyo.

Tena tarehe ya darasa si mali ya kuweka kabatini. Juni 2022 mashirika ya Envoy na Piedmont, yaliyo chini ya American Airlines, yalitangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi mpya, na walimu wakaondoka mashuleni kwa makundi. Kufikia 2024 ajira zilikuwa zimepungua, Boeing ikichelewesha ndege na baadhi ya mashirika makubwa yakisimamisha kuajiri kwa muda. Wanaokuita leo wanaweza kukwambia subiri kwanza.

Mwenye shule simlaumu, ana shida ya kweli. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York, wakafa watu 50. Bunge la Marekani likaja juu, na kuanzia 2013 rubani msaidizi naye akatakiwa kuwa na saa 1,500, au pungufu kwa waliotoka jeshini na vyuo vilivyoidhinishwa. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshavuka hizo saa. Basi kijana anapata leseni ya urubani wa biashara akiwa na saa 250, halafu anabaki na pengo la saa elfu moja na zaidi. Ataliziba vipi bila kufilisika? Anafundisha. Kufundisha kumegeuzwa ngazi, na hakuna anayejenga nyumba kwenye ngazi.

Malipo nayo unayajua. Mita ya Hobbs, ile inayohesabu saa za ndege kufanya kazi, isipozunguka, hulipwi. Julai ya Florida, saa nane mchana, radi zimejipanga kuanzia pwani, mwanafunzi ametuma ujumbe kwamba haji, na wewe umekaa ofisini tangu asubuhi unakunywa kahawa ya bure ambayo ndiyo mshahara wako wa siku hiyo.

Jambo linaloumiza shule zaidi watu wa nje hawalioni. Kwa njia ya kawaida, anayemwandaa mwalimu mpya sharti awe na cheti cha ualimu kwa angalau miezi 24 na awe amefundisha saa 200 hewani. Saa 200 zinapatikana upesi. Hiyo miezi 24 ndiyo kazi, kwa sababu ajira zikiwa nyingi wengi wanaondoka kabla haijatimia. Mwenye shule hana upungufu wa watu wanaojua kurusha ndege, amekosa waliokaa. Kama kweli anakutaka, angekuja na mshahara wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Hata hivyo ningekwambia uende, kwa kuwa namba ya ukongwe hawezi kukupa.

Wanafunzi wako wakabidhi vizuri. Mwite mwalimu anayewapokea akae kiti cha nyuma cha ndege yenu ndogo ya Cessna 172, aone mnavyofanya kazi. Kwenye faili usiandike "anaendelea vizuri". Andika kwamba anainua pua ya ndege mapema akikaribia kutua, na upepo ukitoka kulia anasahau pedali za miguu. Mwalimu mpya akisoma hivyo anajua pa kuanzia.

Na ualimu hauishii hapo. Mashirika nayo yanahangaika kupata makepteni wa kuwasimamia marubani wapya safari za mwanzo, hata kwa malipo ya ziada, kwa sababu mkongwe hataki kuharibiwa ratiba yake. Cheti chako kitunze hai.

SWALI: Mume wangu ni kepteni Doha, ana miaka 52 na saa nyingi sana. Tukihamia Marekani ataanza kama kepteni? – Mama Wawili, Doha

JIBU: Hapana, dada. Shirika kubwa la abiria litampa kiti cha kulia, mshahara wa mwaka wa kwanza na namba ya mwisho, nyuma ya vijana aliowazidi saa mara tano. Atakuwa na miaka 13 tu ya kupanda kabla ya 65. Atahitaji pia leseni ya Marekani na cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho kwa umri wake ni cha miezi sita sita. Aanze na daktari kabla hamjauza samani.