Maswali ya Wasomaji: Nani Amelipia Kipindi Hicho?

Dada, habari ya kazi. Mimi niko Busia upande wa Uganda, nauza nguo sokoni. Mama yangu ana presha miaka mingi na alikuwa anameza vidonge vyake vizuri, sasa kuna kipindi cha redio asubuhi, daktari wa mitishamba anakuja anaongea, watu wanapiga simu wanasema wamepona presha, sukari, vidonda vya tumbo, kila kitu. Mama amenunua dawa yake, vidonge ameweka kando. Nikimwambia ni uongo ananijibu redio haiwezi kudanganya watu wote wale. Nifanye nini? – Kijana wa Busia

Kaka, presha kwanza, redio baadaye. Mpeleke mama kituo cha afya kilicho karibu leo hii, apimwe, na abebe hiyo chupa waione. Msingoje mpaka mmalize ubishi.

Presha mara nyingi haiumi, na hapo ndipo hivi vipindi vinapata watu. Mtu akiacha vidonge, na ile kizunguzungu vilivyokuwa vinamletea ikaisha, anajisikia mwepesi, anaamini kabisa kwamba amepona, anapiga simu redioni kwa moyo safi anashuhudia, na huku mishipa inaendelea kuumia kimyakimya mpaka siku anapigwa na kiharusi. Kwa hiyo mimi hata siwaiti waongo wale wapiga simu. Wanasema wanavyojisikia, na presha haijulikani kwa kujisikia, inajulikana kwa kipimo. Mwambie mama hivyohivyo, maana ukimwambia "wanadanganya" atawatetea, amesikia sauti zao na ameona zinatoka rohoni.

Sasa redio yenyewe. Mama yako si mjinga na tafadhali usimwongeleshe kama mjinga. Watu wa umri wake wamekua na Radio Uganda peke yake, redio za FM za watu binafsi zimeanza huku kwetu mwisho wa 1993, na hizi zinaishi kwa matangazo. Na redio imewasaidia kweli: matangazo ya vifo, bei za mazao, na Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022 redio ndiyo iliyofika kwenye nyumba ambazo hazina tivii wala data. Imani yake ina sababu. Shida ni kwamba sauti ileile iliyomwambia ukweli kuhusu Ebola saa moja inamsomea tangazo la mitishamba saa mbili, na hakuna anayemwambia kwamba sasa tumehamia biashara.

Daktari wa namna hiyo mara nyingi hakualikwa na kituo, amenunua muda. Presenta anamuuliza maswali kama mahojiano ya kawaida lakini sikiliza vizuri: hakuna mganga ama daktari mwingine wa kumpinga, dawa moja inatibu magonjwa yasiyohusiana, namba ya simu inayorudiwarudiwa ni ya muuzaji, bei inatajwa, halafu unaambiwa uwahi zimebaki chache. Hiyo ni duka, imewekwa hewani. Na kule kurudia kila asubuhi si bahati mbaya. Mwaka 1977 watafiti Marekani waliwapa watu sentensi za kweli na za uongo, baadaye wakawarudishia baadhi ya zile zile, na watu wakaziona zile walizowahi kusikia kuwa za kweli zaidi, hata zile za uongo. Ni kwa sababu zimezoeleka tu. Mama yako anasikia jina la hiyo dawa kila siku akipika chai, mimi pia ningeanza kuiamini.

Kitu ambacho ningejaribu ni hiki: piga simu ofisi ya hiyo redio, weka spika, mama akiwa amekaa hapo, uliza muda wa saa nzima asubuhi unauzwa shilingi ngapi kwa mtu mwenye dawa zake. Aambiwe bei na redio anayoiamini yeye mwenyewe, siyo na wewe mtoto wake. Halafu muulizie NDA, ile mamlaka ya taifa ya dawa, kwa sababu hapa Uganda tangazo la dawa linatakiwa lipite kwao kabla ya kwenda hewani, na wao ndio wa kuwaeleza kama hiyo dawa wanaijua. Mitishamba mingine ina kazi yake, sikatai, lakini asiache vidonge bila kuongea na aliyemwandikia.

Mimi ni wa boda hapa Arua. Kwenye grupu yetu ya steji watu wanafowadi voisi na video za kutisha, admini anasema "nimeipata hivyo". Tutajuaje ya kweli?

Angalia ile mishale miwili juu ya meseji ya WhatsApp. Inamaanisha imepitishwa mkono kwa mkono mara tano ama zaidi, na tangu Aprili 2020 meseji ya namna hiyo unaweza kuipeleka kwenye chati moja tu kwa wakati. Haisemi ni uongo, inasema si aliyekutumia aliyeianzisha. Voisi ikiwa haina jina la msemaji, haina tarehe, haina kijiji, iache hapo ilipo. Video simamisha, piga picha ya skrini, iweke kwenye Google Lens uone kama ilishatokea miaka ya nyuma nchi nyingine. Na tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021 wengi wetu tumehamia kwenye magrupu, ambako ni sisi kwa sisi, hamna mgeni wa kusahihisha. Kwa hiyo huyo admini muulizeni mbele ya wote: umeipata kwa nani? Mkizoea kuuliza hivyo steji nzima, atapunguza mwenyewe.

Watoto wangu wanashinda kwenye kibanda cha video wanaangalia filamu za VJ, yule anayezitafsiri kwa sauti yake. Niwakataze? – Mama wa Bombo

Filamu za kuchinjana kwa mtoto wa miaka sita kataza, sina maneno mengi hapo. Wakubwa, kaa nao siku moja nyumbani mwangalie pamoja. VJ hatafsiri tu, anaongeza utani wake, anawapa wazungu majina ya mtaani, wakati mwingine anabadilisha hata sababu ya ugomvi. Waulize: hapa yule mtu amesema nini, na VJ ameongeza nini? Watabisha sana, na wewe waache wabishe.